Homa ya Ini: Saa 24 za Kwanza za Mtoto Mchanga

Katika maeneo ya wachimbaji wadogo, kuanzia Nyarugusu na Rwamagasa mkoani Geita hadi Mwakitolyo mkoani Shinyanga, wengi huisikia homa ya ini pale tu mtu mzima anapovimba tumbo na macho kugeuka manjano. Wakati mwingine ugonjwa huo ulianza miaka mingi kabla, siku aliyozaliwa.

Mama mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B aweza kuonekana mzima kabisa, akalima na kuponda mawe ya dhahabu bila dalili yoyote. Anapojifungua, damu yake humgusa mtoto. Mtu mzima akiambukizwa, kwa kawaida mwili wake huvishinda virusi hivyo. Kwa mtoto mchanga mambo ni kinyume: takriban 90 kati ya 100 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa hubaki navyo, na baadhi yao hupata saratani ya ini ukubwani.

Tanzania iliingiza chanjo hii katika ratiba ya watoto mwaka 2002, nayo hutolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Imewakinga wengi, nasi tunashukuru. Lakini kwa mtoto aliyeguswa na virusi siku ya kwanza, wiki sita ni ndefu mno. Ndiyo maana tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani linahimiza kila mtoto apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24, kisha aendelee na zilizobaki.

Si kila zahanati inayo dozi hiyo; kwa hiyo swali lisisubiri uchungu uanze. Mama aombe kipimo katika hudhurio la kwanza la kliniki. Akikutwa na virusi, aulize mapema ni kituo gani chenye chanjo ya siku ya kwanza, na daktari aweza kumpa dawa ya tenofovir kuanzia mwishoni mwa mwezi wa sita wa ujauzito. Kunyonyesha hakukatazwi. Tunalisisitiza hili kwa sababu tumesikia akina mama wakishauriwa na majirani kuacha.

Tunawaomba akina baba nao wapime. Majibu yasigeuzwe kuwa hati ya mashtaka dhidi ya mke: huenda alivipata virusi kwa mama yake mwenyewe. Wala haviambukizwi kwa kula sahani moja, hivyo hakuna sababu ya kumtengea vyombo.

Mtoto akizaliwa nyumbani au njiani, apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Aliyechelewa pia apelekwe, amalize dozi zote, na akishatimiza miezi tisa mama aombe apimwe damu.