Mirusho 250 ya Koshien
Agosti 20, 1998, katika uwanja wa Koshien karibu na Osaka, Japani, mwanafunzi wa sekondari Daisuke Matsuzaka alirusha mpira mara 250 katika mechi moja ya besiboli iliyorefuka hadi awamu 17. Jana yake alikuwa amerusha mara 148. Siku mbili baada ya mechi hiyo ndefu akashinda fainali ya mashindano bila wapinzani kupata pigo hata moja safi.

Nchi nzima ilimshangilia, na hapo ndipo penye uchungu, kwa sababu kila mrusho wa kasi huvuta kano ya upande wa ndani wa kiwiko. Misuli ikichoka, kano hubaki na mzigo. Kwa kijana, hata mifupa haijakomaa.

Mwaka 2011 Matsuzaka alibadilishiwa kano hiyo, kwa upasuaji alioubuni daktari Frank Jobe mjini Los Angeles mwaka 1974.

Marekani, ligi ya watoto ya Little League ilianza kuhesabu mirusho, badala ya awamu, mwaka 2007. Japani ilichelewa. Mwaka 2013 Tomohiro Anraku, mwenye miaka 16, alirusha mara 772 katika mashindano mamoja. Kikomo cha mirusho 500 kwa wiki kilikuja 2020, na bado ni kikubwa mno kwa mkono wa kijana.