Popo wetu na seva isiyolalamika

Leo naweka programu kando kidogo tuongee historia, ingawa naanza na jambo la kompyuta. Seva isipotoa ripoti ya hitilafu, usikimbilie kusema ni nzima. Pengine hakuna anayeiuliza.

Hapa Machakos tuliliona hilo kwa mbwa. Mwaka 1992 hadi 1993, Philip Kitala na wenzake waliweka watu vijijini katika Wilaya ya Machakos ili watafute mbwa wenye kichaa, badala ya kungoja taarifa zifike ofisini. Wakakadiria kwamba kwa mwaka mmoja, katika kila mbwa 100,000, waliougua walikuwa 860. Idadi hiyo ilizidi mara nyingi ile ya taarifa za kawaida. Si kwamba ugonjwa ulikuwa umelipuka ghafla. Maswali ndiyo yaliyoongezeka.

Kwa popo, maswali yalichelewa zaidi. Mwaka 1956 virusi vilipatikana katika popo wala matunda mjini Lagos, Nigeria. Ilichukua hadi 1970 kutambua kwamba ni ndugu wa virusi vya kichaa cha mbwa. Mwaka huohuo wa 1970, mtu mmoja Afrika Kusini aliumwa na popo akafa, na virusi vilivyomuua vikaitwa Duvenhage.

Kenya je? Mwaka 2008 Ivan Kuzmin wa CDC ya Marekani, Bernard Agwanda wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao walichapisha matokeo yao. Walikuwa wamekusanya popo 1,221 wa aina zisizopungua 30, kutoka sehemu 25 za nchi. Virusi vya Lagos walivipata kwa popo mmoja tu, naye alikuwa amekufa.

Mmoja kati ya 1,221! Ungeishia hapo ungesema hakuna shida. Lakini walipima pia kingamwili kwenye damu. Kingamwili ni kama logi: haikuambii nani yuko ndani sasa hivi, inakuambia nani aliwahi kuingia. Katika makundi ya popo aina ya Eidolon helvum, asilimia 40 hadi 67 walikuwa nazo. Yaani popo wengi walikutana na virusi na wakaendelea kuruka.

Halafu wakalinganisha vinasaba. Protini moja kuu ya virusi hivyo ilifanana asilimia 100 na ya virusi vilivyopatikana Senegal mwaka 1985. Ni kama kufungua mafaili mawili kutoka pande mbili za bara na kukuta hata herufi moja haijabadilika. Inaonekana popo wa mashariki na wa magharibi wanakutana.

Onyo la kweli lilikuja Oktoba 2007. Mwanamke Mholanzi wa miaka 34 alikwaruzwa puani na popo mdogo huko Tsavo Magharibi. Hakupata chanjo. Alifariki kwao Uholanzi mwezi Desemba, na virusi vilikuwa Duvenhage. Kisha mwaka 2009, popo mkubwa mla wadudu aliyeokotwa amekufa katika pango la pwani yetu alitoa virusi vipya kabisa, vikapewa jina la Shimoni.

Kwa nini majina haya yatuhusu? Kwa sababu ya chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa inatarajiwa kusaidia dhidi ya Duvenhage, maana wako kundi moja. Lagos na Shimoni wako kundi jingine, na huko chanjo hiyo haitoi kinga ya kutosha. Bila watu wa kuingia mapangoni na sindano na vichupa, tusingejua pengo hilo lipo.

Msinielewe vibaya. Karibu vifo vyote vya watu kutokana na kichaa, hadi asilimia 99, huletwa na mbwa. Popo wanakula wadudu na kuchavusha mibuyu, kwa hiyo kuwachoma moto si dawa. Chanja mbwa wako kwanza. Ukiumwa au kukwaruzwa na popo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, nenda hospitali siku hiyohiyo, na utaje wazi kwamba alikuwa popo. Ukiokota popo aliyekufa, usimshike kwa mkono mtupu. Mwite afisa wa mifugo. Huyo mmoja kati ya 1,221 naye alikuwa mzoga tu, mpaka mtu alipoamua kumpima.