Dhiki ya Mwanamuziki: Bendi za Dansi za Tanzania na Historia ya Kusema Wazi

Muziki wa dansi, yaani muziki wa bendi zenye magitaa, tumba na tarumbeta ulioanza kustawi katika miji ya Tanganyika miaka ya 1930 na kutawala kumbi za starehe hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, umeacha hazina kubwa ya nyimbo za huzuni, zinazosimulia habari za mume aliyeachwa, mgonjwa asiyetembelewa, mtoto aliyetelekezwa na mtu anayekesha kwa mawazo. Hata hivyo, katika miongo yote hiyo ni nadra kumpata mwanamuziki aliyesimama hadharani, nje ya wimbo, akasema kwamba ni yeye mwenyewe asiyepata usingizi. Kimya hicho huelezwa mara nyingi kwa kutaja haya au desturi ya kusitiriana, na maelezo hayo yana ukweli wake, lakini hayatoshi, kwa kuwa jamii hiyohiyo iliyositiri ndiyo iliyolipa kiingilio ili kusikiliza maombolezo usiku kucha. Sababu yenye uzito zaidi imo katika mpangilio wa kazi ya bendi: nani alimiliki vyombo, nani alilipa mshahara, na nani aliweza kumwondoa nani jukwaani.

Uhusiano wa muziki na maradhi ya nafsi ni mkongwe kuliko bendi. Katika mwambao wote wa Waswahili, pamoja na visiwa vyake, ngoma za kupunga pepo zilikuwa tiba kwa mtu aliyeonekana kubadilika tabia, aliyekataa kula au aliyejitenga na watu, na aliyeongoza shughuli hiyo aliitwa fundi au mganga, akisaidiwa na wapigaji na waimbaji waliojua kila pepo anaitikia mdundo gani. Katika mpango huo mgonjwa alijulikana, kwa kuwa ndiye aliyeketishwa katikati, na mpigaji alijulikana kuwa mtu wa upande wa tiba. Tiba ya hospitali ilipoingia, kwanza Lutindi katika milima ya Usambara, ambako wamisionari wa Kijerumani walianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904, kisha Mirembe mjini Dodoma chini ya Waingereza mwaka 1927, ilikuja na ukuta na umbali, na jina la Mirembe likageuka kuwa tusi la mtaani kwa yeyote anayedhaniwa kuwa amerukwa na akili. Msanii wa miaka ya 1960 alikuta basi milango miwili, wa pepo na wa kichaa, na hakuna hata mmoja uliomfaa mtu aliyechoka tu, mwenye moyo mzito, ambaye kesho yake alitakiwa jukwaani.

Bendi za mwanzo, kama Dar es Salaam Jazz iliyoanzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz ya mwaka 1944 na Cuban Marimba ya mwaka 1948, ziliendeshwa kwa mtindo wa klabu, ambapo wanachama walichangishana, wakanunua vyombo na kugawana kilichopatikana, na wengi wao walikuwa na kazi nyingine za mchana. Baada ya uhuru mpango huo ulibadilika. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha NUTA kiliunda bendi yake, NUTA Jazz, na kuwalipa wanamuziki mshahara wa mwezi kama watumishi wengine. Mfano huo ukafuatwa na jeshi, polisi, umoja wa vijana wa chama tawala uliokuwa na Vijana Jazz, kiwanda cha nguo cha Urafiki, shirika la bima na shirika la usafiri la jiji. Faida yake haikuwa ndogo, kwani mpiga gitaa aliyezoea kuitwa mhuni alipata sasa kitambulisho cha kazi na mahali pa kupokea mshahara, na kwa miaka kadhaa bendi za mashirika ndizo zilizokuwa na vyombo bora kuliko zote nchini.

Gharama yake ilionekana polepole. Gitaa halikuwa la mpigaji, wala maikrofoni haikuwa ya mwimbaji, na aliyeondoka aliondoka mikono mitupu, akiacha nyuma vyombo pamoja na nyimbo alizotunga, ambazo ziliendelea kupigwa kwa jina la bendi. Studio pekee ya kutegemewa ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo ilihakiki mashairi kabla ya kurekodi na haikumpa mtunzi mrabaha, yaani sehemu ya mapato kila wimbo wake unapotumika, na sheria ya hakimiliki iliyojengwa upya kwa kuwafikiria wasanii ilikuja kupitishwa mwaka 1999, wakati wengi wa waliostahili kunufaika nayo wameshazikwa. Ratiba nayo ilikuwa nzito. Mazoezi yalifanyika mchana, maonyesho yalianza jioni na kuendelea hadi usiku wa manane, siku nne au tano kwa wiki, katika baa na kumbi ambako pombe ndiyo iliyolipia kila kitu, kisha mwanamuziki akarudi nyumbani saa ambazo majirani wanaamka kwenda kazini. Ndoa nyingi zilivunjika kwa ratiba hiyo kabla hazijavunjwa na jambo lingine lolote, ingawa mtaa uliendelea kuamini kwamba kisa ni wanawake.

Juu ya yote hayo kulikuwa na hofu ya kuhamwa na hofu ya kuachwa. Kuhama, katika lugha ya wanamuziki wenyewe, ni kuitwa na bendi nyingine kwa ahadi ya fedha au vyombo vipya, na mara nyingi mtu hakuhama peke yake, bali aliondoka na nusu ya safu ya mbele. Orchestra Mlimani Park, maarufu kwa mtindo wake wa Sikinde, ilizaliwa namna hiyo mwaka 1978 chini ya kampuni ya Tanzania Transport and Taxi Services, ikiwakusanya mafundi waliotoka bendi nyingine, akiwamo Muhidin Maalim Gurumo kutoka bendi ya chama cha wafanyakazi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Miaka miwili baadaye ilionja ilichowaonjesha wenzake: mfanyabiashara Hugo Kisima, mmiliki wa Orchestra Safari Sound, alivunja bendi yake na kuunda mpya, International Orchestra Safari Sound, kwa kuwachukua kwa mkupuo baadhi ya nguzo za Mlimani Park, Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar wakiwa miongoni mwao. Mashabiki walilichukua jambo hilo kama msiba na kama mashindano kwa wakati mmoja, Sikinde upande huu na Ndekule, mtindo wa bendi mpya, upande ule, huku hesabu za Kisima zikibaki kuwa za mtu mwenye vyombo. Bendi hiyo, pamoja na kelele zote zilizoizunguka, haikudumu hata muongo mmoja, na Gurumo akarejea alikotoka kabla ya Mlimani Park, katika bendi ya chama cha wafanyakazi, ambayo wakati huo ilikuwa imeshabadili jina zaidi ya mara moja na ambayo leo inaitwa Msondo Ngoma.

Katika mazingira hayo, kukiri udhaifu kulikuwa na bei inayohesabika. Bendi kubwa iliweka waimbaji watatu, wanne, hata watano katika safu ya mbele, kila mmoja akijua sehemu za mwenzake, na aliyekosa mazoezi juma moja alimkuta mwingine amesimama kwenye maikrofoni yake. Ugonjwa wa mwili ungeweza kutajwa, kwa kuwa malaria ina vidonge na ina mwisho, lakini mwimbaji aliyesema kwamba moyo wake umekata tamaa angekuwa anamtangazia kiongozi wa bendi kuwa nafasi iko wazi. Ndipo maelezo ya kurogwa yalipopata kazi yake. Sauti ilipokauka, vidole vilipokufa ganzi au mtu alipoanza kuogopa jukwaa, wanamuziki na mashabiki walinong'ona kwamba amechezewa na wapinzani, na tetesi hizo, ambazo ni rahisi kuzicheka leo, zilimpa mgonjwa heshima fulani, maana aliyerogwa ni mtu anayeonewa wivu kwa ufundi wake, wala hana sababu ya kuona aibu. Zilimnyima pia jambo moja kubwa, kwani tiba ilitafutwa kwa adui wa nje, wakati pombe, njaa ya usingizi na deni la kodi ya nyumba vilibaki vilevile.

Wimbo ulikuwa mahali pekee palipobaki, na hata hapo palikuwa na kanuni. Mtunzi wa dansi huandika kwa nafsi ya kwanza, lakini «mimi» huyo ni wa kuazimana: kisa kinaweza kuwa cha jirani, cha shabiki aliyemweleza mtunzi masaibu yake, au cha mtunzi mwenyewe, na msikilizaji hana haki ya kuuliza ni cha nani. Aidha, mara mtunzi alipoleta wimbo mazoezini, ulipita katika mikono ya bendi nzima, mpiga solo akiongeza lake na waimbaji wakigawana beti, hadi kufika kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho yenye kasi inayoinua watu vitini, ambako huzuni yoyote iliyotangulia hugeuzwa kuwa jasho. Mbaraka Mwinshehe, aliyeondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, kisha akafa kwa ajali ya gari karibu na Mombasa Januari 1979, aliimba juu ya shida za dunia kwa namna iliyomfanya kila msikilizaji adhani ameimbiwa yeye. Kwa hiyo wimbo ulimfunika mwimbaji barabara.

Bendi za mashirika zilipoanza kuporomoka, kifuniko hicho kilipasuka. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, uhaba wa fedha za kigeni uliofanya nyuzi za gitaa na spika ziwe bidhaa za kutafutwa kwa tochi, na baadaye ubinafsishaji wa mashirika ya umma, viliwaacha wanamuziki bila mwajiri na bila vyombo. Marijani Rajabu, mtoto wa Kariakoo aliyetamba na Safari Trippers na baadaye Dar International, alifariki mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka 40 hivi, akijikimu siku zake za mwisho kwa kuuza kanda za nyimbo zake za zamani nyumbani kwake, na kifo chake kikawa kielelezo kinachotajwa hadi leo kila linapozuka suala la haki za wasanii. Wengine waligeukia dini. Cosmas Tobias Chidumule, mmoja wa waimbaji walioijenga Mlimani Park, alihamia muziki wa injili, na Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1978 na kuwa sauti ya wanyonge akiwa na Super Matimila, alifanya hivyo pia katika miaka ya mwisho kabla ya kufariki Desemba 2010. Uamuzi huo una maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kanisa la wokovu lina desturi ya ushuhuda, yaani mwamini kusimama mbele ya watu na kueleza maisha yake ya awali, ulevi na kukata tamaa kwake, kwa jina lake na kwa nafsi ya kwanza isiyo ya kuazimana. Huenda hapo ndipo wanamuziki wa Tanzania walipopata kwa mara ya kwanza umbo la kusemea habari zao wenyewe bila kusubiri gitaa.

Umbo la pili lililetwa na redio. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua njia kwa vituo binafsi, na vituo hivyo vilikuza Bongo Fleva, muziki wa vijana uliotengenezwa studio na kuuzwa kwa jina la mtu mmoja. Msanii wa namna hiyo hana bendi ya kumsitiri wala mshahara wa kupoteza. Anachouza ni pamoja na maisha yake, na mahojiano ya redio ni sehemu ya kazi sawa na wimbo. Uwazi wa kwanza ulihusu dawa za kulevya. Rehema Chalamila, ajulikanaye kama Ray C, alijitokeza mwishoni mwa mwaka 2012 baada ya Rais Jakaya Kikwete kumsaidia kupata matibabu, na tangu hapo akawa akizungumzia hadharani uraibu wake na methadoni, dawa ya kunywa kila siku chini ya uangalizi ambayo Hospitali ya Muhimbili ilikuwa imeanza kuitoa mwaka 2011. Langa Kileo, mmoja wa watatu waliounda kundi la Wakilisha baada ya shindano la mwaka 2004, aliwaonya vijana kwa kusimulia safari yake mwenyewe, hadi kifo chake Juni 2013. Sonona, ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu inayomwondolea mtu hamu ya kula, kulala na kufanya kazi, ilikuja kutajwa baadaye na kwa sauti ya chini zaidi, pengine kwa sababu uraibu una dutu ya kulaumiwa, na sonona haina.

Mwaka huohuo wa 2013 wazee wa dansi nao walitoa la kwao. Gurumo alipotangaza kustaafu baada ya nusu karne ya kuimba, aliwaeleza waandishi wa habari kwamba muziki haukumwachia hata baiskeli, na Diamond Platnumz, nyota wa kizazi kipya, akamzawadia gari. Magazeti yalishangilia zawadi na kupita haraka juu ya maneno ya mzee, ambayo yalikuwa mazito zaidi, kwa kuwa mtu aliyetumikia chama cha wafanyakazi, shirika la jiji na mfanyabiashara binafsi alikuwa akieleza, kwa jina lake, matokeo ya mfumo mzima. Alifariki Aprili 2014.

Mipaka ya uwazi huu bado inaonekana. Nchini Kenya, kundi la Sauti Sol liliweza mwaka 2023 kutangaza mapema kwamba wanachama wake wanapumzika na kufanya kazi zao binafsi, likawaaga mashabiki kwa tamasha, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitamka kwamba kifungu kinachomwadhibu aliyejaribu kujiua kinakiuka katiba. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara bado inahesabu jaribio hilo kuwa kosa la jinai, kwa hiyo yapo maungamo ambayo msanii hawezi kuyatoa redioni bila kujiweka katika hatari ya kisheria. Tena wanaosema ni waimbaji wenye majina. Mpiga besi na mpiga tumba, wanaolipwa kwa usiku mmoja mmoja na kubadilishwa kwa simu moja, wanaishi hadi leo chini ya masharti yaleyale yaliyowafunga midomo wenzao wa mwaka 1985, na hakuna kituo cha redio kilicho na haja ya kuwahoji.