Mkoba wa Michoro na Njia ya Unyanyembe

Kijana mmoja wa Tabora alinijia na mkoba wa michoro aliyokusudia kuipeleka chuoni Bagamoyo, akitaka nimsaidie maelezo yake. Nilipoufungua nilikuta simba, twiga na mashujaa wa Kimasai, wote wamenakiliwa kwa ustadi kutoka kadi za posta. Chini kabisa, kwenye karatasi ya daftari yenye mistari, palikuwa na mlango wa nakshi wa tembe la Kwihara, umechorwa kwa penseli. Huo, alisema, alisahau kuutoa.

Mimi sikusomea sanaa popote. Lakini mlango ule una historia.

Nakshi za namna ile ni za pwani. Zilifika Unyamwezi katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, kwa njia ile ile iliyoteremsha pembe za ndovu na watumwa hadi Bagamoyo. Burton na Speke waliingia Kazeh, jirani na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya mwendo wa zaidi ya siku 130. Grant, aliyepita na Speke mwaka 1861, alichora kwa rangi za maji. Kazi zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskochi. Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872 akingojea wapagazi. Basi mkoba wa michoro ulikwisha kupita Unyanyembe zamani, ila mwenyewe alikuwa mgeni.

Wenyeji nao hawakukaa mikono mitupu. Kiti cha enzi cha Buruku, chenye egemeo refu na umbo la mtu, kiko Berlin hadi leo. Nao mafundi wa nyoka wa Usukuma na Unyamwezi walichora kuta za nyumba zao za mafunzo. Hans Cory alizichapisha picha hizo mwaka 1953.

Katika miaka hiyo, Makerere ilikuwa na shule ya sanaa ya Margaret Trowell. Bibi huyo hakutaka wanafunzi wanakili: aliwasimulia kisa, wakachora walichokiona akilini. Mmoja wao alikuwa Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, ambaye baadaye alisoma Slade, London, kuanzia 1952 hadi 1955. Kule London aliendelea kuchora migomba na watu wa mlimani kwao. Mwaka 1960 Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York lilinunua picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Simsifu Trowell bila kipimo, kwani alihofia mno athari za Ulaya, kana kwamba mwanafunzi ni chungu kibichi. Lakini kuhusu kadi za posta nadhani alikuwa na haki.

"Wataniona mshamba, mzee," kijana alinijibu. Nikamwuliza ni nani katika wasailiwa wote wa Bagamoyo atakayeleta mlango wa Kwihara. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Na wapagazi je? Nitawachoraje, nami sikuwaona?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kwamba mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushei, na kwamba shingo yake mwenyewe anaijua.

Aliondoa simba wote isipokuwa mmoja, akarudi Tabora kwa garimoshi kuuchora mlango upya, safari hii akiwa mbele yake.