OK ni ya nani? Wino wa Boston na ndimi za Senegambia

Kila urithi wa Afrika nchini Marekani unapojadiliwa, hakosekani mtu wa kudai kwamba OK ni neno la Kiwolof lililovuka Atlantiki pamoja na watumwa. Hakosekani pia wa kumcheka, akataja gazeti moja la Boston na kuufunga mjadala. Wote wawili wana haraka.

Gazeti lenyewe ni Boston Morning Post la tarehe 23 Machi 1839, chini ya mhariri Charles Gordon Greene. Humo herufi o.k. zilichapishwa na kufafanuliwa papo hapo kuwa ni “all correct”, yaani yote sawa. Waandishi wa Boston siku hizo walikolewa na mchezo wa kuharibu tahajia makusudi, kisha kuifupisha: “oll korrect” ikawa o.k., na “oll wright”, yaani vyema, ikawa o.w. Aliyeufukua mkasa huu ni Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia, katika makala zake za 1963 na 1964 kwenye jarida la American Speech. Kabla yake zilitamba hadithi za kila aina. Wapo waliotaja “okeh” ya Wachoctaw, tahajia aliyoipenda Rais Woodrow Wilson. Wapo waliotaja biskuti za Orrin Kendall walizokula askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kana kwamba vita vilivyoanza 1861 vingeweza kuzaa neno la 1839. Hizo tuziache.

Dai la Kiwolof halistahili kutupwa kapu moja na biskuti. Mwaka 1969 David Dalby, mtaalamu wa lugha za Afrika Magharibi katika SOAS, London, alionyesha kwamba Wawolof huitikia kwa “waw”, yaani ndiyo, na kutilia mkazo kwa “kay”. Kwa pamoja ni kama kusema ndiyo kabisa. Wamandinka nao alisema wana “o ke”. Kisha akaleta maandishi. Katika kitabu cha msafiri J. F. D. Smyth cha 1784, mtumwa anaanza kumjibu bwana wake kwa “kay”. Katika shajara ya Jamaika ya 1816, mtu mweusi anatamka “oh ki”.

Jibu zito lilitoka kwa Frederic Cassidy mwaka 1981. Aliwasoma wasemaji hao upya na kuona kwamba hawakubali jambo: wanashangaa. Naye hakuwa mtu wa kubeza usemi wa watu weusi. Alizaliwa Jamaika, na ni mmoja wa watunzi wawili wa kamusi ya Kiingereza cha Jamaika iliyotoka 1967. Kama kulikuwa na mtaalamu aliyekuwa na kila sababu ya kufurahia ushindi wa Dalby, ni yeye.

Kwa hiyo asili ya zile herufi mbili ni Boston. Sioni namna ya kulikwepa hilo. Lakini tarehe ya wino si tarehe ya ulimi. South Carolina ilipiga marufuku kuwafundisha watumwa kuandika tangu 1740. Kuwadai watu hao ushahidi wa maandishi, kisha kuuchukulia ukimya wao kama hukumu, ni kuwaonea mara ya pili. Tena wataalamu wamewahi kukataa kwa kujiamini na wakaaibika. Kigula cha visiwa vya Carolina na Georgia kilihesabiwa kuwa Kiingereza kibovu, mpaka Lorenzo Dow Turner alipochapisha utafiti wake mwaka 1949 na kuonyesha maelfu ya maneno na majina yenye asili ya Afrika. “Goober”, karanga ya Wamarekani wa Kusini, ni “nguba” ya Kikongo. Tofauti ni kwamba Turner alikwenda kwa wasemaji, akawarekodi. Dalby alikuwa na dondoo chache tu.

Hata hivyo, Read naye ameacha pengo. Kwa nini o.k. ikaishi na o.w. ikafa? Yeye anajibu kwa uchaguzi wa 1840: Rais Martin Van Buren alitoka Kinderhook, New York, wafuasi wakamwita “Old Kinderhook”, wakaanzisha vilabu vya O.K. Lakini Van Buren alishindwa na mpinzani wake, Harrison, ambaye wafuasi wake walikuwa wamezigeuza herufi hizo kejeli dhidi yake. Kampeni inaeleza neno lilivyopata umaarufu. Haielezi vizuri lilivyodumu hadi likaja kumaanisha kukubali, kuruhusu, hali ya wastani, na hata kufunga mazungumzo. Kwa maoni yangu, neno linaweza kuwa na mzazi mmoja na walezi wengi, na masikio yaliyokwisha kuzoea “waw kay” yangekuwa walezi wazuri.

Hiyo ni dhana, na dhana haithibitishwi kwa kufananisha sauti. Anayetaka kuitetea Afrika katika kesi hii aende kwenye kumbukumbu za mahakama na za mashamba, akianzia Louisiana, ambako Wasenegambia, watu wa eneo la Wawolof na Wamandinka, walipelekwa kwa wingi enzi za Wafaransa. Atafute “kay” ya kuitikia, si ya kushangaa. Akiipata ya kabla ya 1839, hoja ya Cassidy itakuwa imejibiwa. Asipoipata, aache kulitangaza neno hili kama mali iliyoibwa, maana urithi wa Afrika uliothibitishwa na Turner ni mkubwa vya kutosha kusimama bila hilo.