Kijiji Kilicho Katika Picha

Wachoraji wengi wa Ulaya katika karne ya 19 walipenda kuchora kazi za wakulima: kupanda, kuvuna, kuteka maji. Aghalabu waliziondolea kazi hizo jasho na ugomvi, kwa kuwa wanunuzi wa picha walikuwa matajiri wa mijini.

Katika nchi yetu, mfano wa kutazamwa ni Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere chini ya Margaret Trowell, kisha chuo cha Slade, London. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, imewekwa katika jumba la sanaa za kisasa la New York. Watu wa Ntiro ni wadogo, nyuso zao hazipambanuki, na wote hushirikiana. Lakini Kilimanjaro ya miaka ile ilikuwa pia nchi ya kahawa, ya kodi ya kichwa, na ya vihamba vilivyozidi kusongamana. Hayo huyaoni.

Je, alidanganya? Sithubutu kusema hivyo. Aliye mbali na kwao hukumbuka kwanza lililo jema. Tena wageni waliotawala walizoea kumdhania Mwafrika kuwa hana utaratibu wake. Kijiji chenye amani kilikuwa jibu. Mwaka 1961 nchi ilipopata uhuru, mchoraji huyo akawa Balozi wetu London.

Nasi wa Mpanda na tujitazame katika kioo hicho. Mchoraji akija kwetu leo, yamkini atachora mzinga wa nyuki juu ya mti wa miombo, na mrinaji akishuka na asali. Itakuwa kweli. Lakini mji huu ulikuzwa na machimbo ya madini ya risasi baada ya Vita Kuu ya Pili, na reli iliyoletwa kutoka Kaliua kwa ajili yake. Huko Katumba wakaja watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972; wengi wao leo ni raia wenzetu.

Mzinga usio na reli karibu yake, na kijiji kisicho na mgeni, ni nusu ya habari. Watoto wetu wataijua nchi kwa picha tutakazowaachia, na asiyechorwa ndiye atakayeulizwa kesho ametoka wapi.