Chupa, Pembe na Tarakilishi: Kuhusu Kigezo cha Ala

Je, ala ya muziki huwa ala kwa kuundwa au kwa kutumiwa? Wanaoshikilia kuundwa huitenga tarakilishi, ijapokuwa mwaka 1957 Max Mathews aliifanya itoe muziki kwa programu katika Bell Labs, Marekani.

Kigezo hicho kinatudhulumu sisi pia. Pembe za nyati zipigwazo na wanawake wa pwani katika vugo zilimea kichwani mwa mnyama; chupa ya soda iliyotilia mdundo gita la omutibo, Magharibi mwa Kenya, iliundwa kwa kinywaji. Tukizikataa, tunafuta sehemu ya historia yetu.

Hivyo basi, ala hubainishwa na mpigaji na jamii imsikilizayo. Tarakilishi nayo ipimwe kwa kigezo hicho hicho.